Namba Hamsini na Mbili, Harusini Laare

Mwaka wa 1991, nikiwa na miaka ishirini na tisa, nilifutwa kazi na kinanda. Sisemi nilifutwa na mtu. Mwenye baa pale Meru mjini, ambaye tulimpigia bendi miaka sita, alituita watano wote saa tano asubuhi, akatuonyesha kitu cheusi juu ya meza, kirefu kama ubao wa kupigia pasi. Akabonyeza mahali. Ngoma zikalia, besi ikaingia, na hakuna mtu aliyekuwa amekalia ngoma. Mpiga ngoma nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama pale nikijisikia nikipigwa na mwingine.

"Mnasikia?" akasema. "Hiki hakilewi. Hakiombi ruhusa ya kwenda mazishi."

Mpiga gita wetu alikuwa amesoma hadi kidato cha nne. Huyo akabaki na kinanda. Sisi wanne tukapewa soda, tukaambiwa asante.

Nilirudi Githongo kuchuma kahawa ya baba yangu. Nilichuma pamoja na wanawake, na walinitania bila huruma. "Huyu alikuwa akichapa ngozi mjini, sasa anachapa majani." Nilikuwa na mke na watoto wawili, na kusoma niliachia darasa la tatu. Namba nazijua vizuri. Herufi nazijua zile kubwa, zikisimama moja moja. Mtu kama huyo akipoteza kazi ya mikono yake hana ofisi ya kwenda kuketi.

Miaka miwili ilienda hivyo. Halafu nikasikia kuna mtu Embu mjini mwenye vyombo vya kukodisha: spika nne kubwa, jenereta, maikrofoni, na kinanda. Alikuwa anatafuta mbeba spika. Nikaenda. Aliniangalia mabega, hakuniuliza cheti. Huyo ndiye nitamwita tajiri wangu mpaka mwisho wa habari hii, kwa sababu ndivyo nilivyomwita, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa maneno machache na pikapu moja.

Kinanda kilikuwa na mchezaji wake, kijana mwembamba wa miwani. Mimi nilibeba, nikafunga nyaya, nikakaa nyuma ya spika nikisikiliza. Na nikagundua jambo. Yule kijana alijua kucheza vidole, lakini ngoma hakuzijua. Ndani ya kile kinanda kulikuwa na midundo mia moja, kila mmoja na namba yake, kutoka sufuri sufuri hadi tisini na tisa. Yeye alitumia mitatu. Harusi ingeanza na mdundo mmoja, na bibi harusi na shangazi zake na mchungaji na keki vyote vingetembea kwa huo mmoja. Miguu ya watu ilikuwa inataka kitu kingine na hakuwapa. Mimi niliona miguu hiyo. Nyuma ya spika huoni nyuso, unaona miguu.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kupangusa vumbi stoo. Nilimwomba tajiri anikubalie niwashe kinanda kidogo nikimaliza. Akasema, "Washa, lakini mama wa cherehani asije kwangu." Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mama mshonaji, na hakupenda kelele. Nikicheza mdundo mmoja tu, alivumilia. Nikiendelea, aligonga ukuta kwa mkasi. Kwa hivyo nilijifunza hivi: nachagua namba, nacheza kidogo, nazima. Nangoja cherehani yake ianze kulia tena. Nachagua namba nyingine, nacheza, nazima. Nilifanya hivyo miaka miwili. Kumbukeni kwamba kila mara nilizima kwanza, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilizaliwa.

Majina ya midundo yaliandikwa kwa Kiingereza juu ya kinanda, kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi. Sikuhangaika nayo. Niliipa majina yangu. Kumi na saba niliita kupalilia, kwa sababu ilienda kama jembe, inapanda na kushuka. Thelathini niliita ng'ombe josho, kwa sababu inasukumana. Arobaini na moja ilikuwa mbuzi sokoni, ya haraka, ya kurukaruka. Benga, muziki wetu wa gita, haikuwemo. Wajapani waliotengeneza kinanda hawakuwa wameisikia. Lakini ukichukua arobaini na moja ukaipandisha mwendo hadi mia na arobaini na nane, na mkono wa kushoto ukaukaza vizuri, mtu wa Embu anaamka kwenye kiti bila kuambiwa.

Na hamsini na mbili niliita maziwa. Ilikuwa polepole, mwendo wake sitini na mbili, inatembea kama mwanamke aliyebeba kibuyu cha maziwa kilichojaa. Nilijua siku nikipewa harusi, bibi harusi ataingia na hiyo.

Mwaka wa 1995, mwanzo wa Agosti, yule kijana wa miwani alipata kazi hoteli ya Nairobi akaenda bila kuaga. Tajiri alikuwa na harusi Laare Jumamosi ileile. Nikamfuata kwenye pikapu.

"Mimi nitacheza."

"Wewe ni wa spika."

"Mimi nilikuwa wa ngoma kabla hujanunua spika. Nijaribu harusi moja."

Alikwaruza tope kwenye mlango wa gari kwa kucha. Halafu akasema, "Harusi moja. Ukiharibu, Jumatatu unarudi kwenu kahawani, na kwangu hutagusa hata waya. Sina haja ya mtu ambaye watu wamemcheka."

Nilikubali. Nyumbani mke wangu nilimwambia nitakuwa mchezaji. Hiyo ya kurudi kwetu sikumwambia.

Bwana harusi alikuwa wa Laare kwenyewe, watu wa mashamba ya miraa. Bibi harusi alitoka upande wa chini wa Embu, kule kwa jua na mtama. Sherehe ilikuwa uwanja wa shule ya msingi. Agosti kule milimani ni ukungu na manyunyu, na wageni wa Embu walikuwa wamekuja na nguo za jua lao. Walikaa hema la kushoto wakijikunyata. Hema la kulia walikaa wajomba na baba wadogo wa bwana harusi, wazee wa makoti mazito, fimbo katikati ya magoti, mashavu yamejaa miraa. Katikati palikuwa na njia ya nyasi, na mwisho wa njia nilikuwa mimi na kinanda changu juu ya dawati la darasa la kwanza.

Kulianza vizuri. Nataka hilo lijulikane. Nilifungua na kupalilia watu wakiingia, nikaenda kwa ng'ombe josho wakati wa chakula, na kila nilipobadilisha nilizima kwanza, msimamizi wa sherehe akasema mawili matatu, nikaanza tena. Tajiri alikuwa amesimama kando ya jenereta, mikono mfukoni. Mara moja nilimwona kidole cha mguu kinapiga ndani ya kiatu.

Halafu wakaingia shangazi wa Embu na vikapu vya zawadi. Niliwapa mbuzi sokoni, mia na arobaini na nane. Uwanja ukaamka. Wale mama walisahau baridi. Vikapu kichwani, mabega yanacheza, vumbi lingekuwepo lingepanda. Nyuma yao, kwenye lango, bibi harusi na bwana harusi walikuwa wanangoja zamu yao, na mama wa bibi harusi alikuwa amewatangulia hatua chache akiwa na leso begani.

Msimamizi akanipungia mkono: sasa polepole, bibi harusi aingie.

Watu walikuwa wanapiga makofi. Sikutaka kuwakata. Nilifikiri, mpiga ngoma mzuri habadilishi kwa kunyamaza, anabadilisha akiwa anatembea. Kwa hivyo sikuzima. Mashine ikiwa inaendelea, nikabonyeza tano, nikabonyeza mbili.

Hapo nilijifunza kitu ambacho stoo haikunifunza. Ukizima kwanza, mdundo unakuja na mwendo wake wenyewe. Usipozima, mdundo unabadilika lakini mwendo unabaki ule wa kwanza. Hamsini na mbili ilikuja, lakini haikuja na sitini na mbili. Ilikuja na mia na arobaini na nane.

Na maziwa yakienda kwa mwendo huo si maziwa tena. Mtu yeyote aliyetahiriwa kwetu anaujua mdundo huo. Ni mdundo wa nyimbo za wanaume za kumpeleka kijana kisuni. Zile nyimbo zina maneno ambayo wanaume huimba wakiwa wanaume peke yao, njiani na porini, na wanawake wakisikia zinakuja hutoka njiani. Na ilikuwa Agosti. Ndio mwezi wenyewe. Wale wazee walikuwa wameimba wiki nzima, koo zao zilikuwa bado na moto.

Nilijua kosa langu kabla mdundo haujazunguka mara mbili. Niliona mzee mmoja wa koti la kahawia hema la kulia akitema miraa. Akasimama. Hakuwa amefikiria, naapa, miguu ndiyo ilimsimamisha. Akapiga fimbo chini. Wakasimama saba, wakasimama kumi na tano. Mzee wa koti akaita, na wengine wakamjibu kwa pamoja, sauti ya kifuani, mguu mmoja chini.

Maneno yao sitayasema.

Wanawake wa Laare waligeuka wakatupa mgongo, wote mara moja. Shangazi wa Embu wakaweka vikapu chini. Lakini mbaya zaidi ilikuwa njia ya katikati. Pale alisimama mama wa bibi harusi, na hatua tatu nyuma yake alisimama mkwe wake. Kwetu, na kwa Embu pia, mwanamume na mama mkwe wake hata chakula hawali wakiangaliana. Neno moja la aibu kati yao linaweza kurudisha ng'ombe wote wa mahari. Sasa baba wadogo wa huyo kijana walikuwa wanaimba mambo ya porini na mama huyo yuko katikati yao. Alikuwa amefunika uso kwa leso. Bwana harusi alikuwa hawezi kuitikia wala kukataa. Alisimama kama nguzo, jasho likimtoka kwenye ukungu.

Tajiri alikuja mbio akipitisha mkono shingoni: zima, zima.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Sikuzima. Na nitawaambia kwa nini, kwa sababu watu wengine mpaka leo husema nilishikwa na woga. Wanaume wakishaingia wimbo ule hawahitaji mashine. Ukizima ngoma, wao wataendelea, na sasa hakuna spika ya kufunika. Kila neno litasikika mpaka hema la kushoto. Kwa wakati huo maneno yalikuwa bado yamechanganyika na ngoma. Basi nikafanya kinyume. Nikapandisha sauti.

Tajiri akafika. "Umelewa?"

"Usiguse."

"Nimesema zima." Akashika waya wa umeme.

Nikakanyaga plagi kwa kiatu. "Ukivuta huo waya watasikika. Tulia."

"Unaniambia nitulie?"

"Ndio. Tulia."

Kidole kimoja nikakiweka kwenye kitufe cha kupunguza mwendo. Kila ukibonyeza unashuka namba moja. Nilibonyeza polepole, kwa sababu ukishusha kwa haraka mwimbaji anatambua na anaacha ngoma yako, anashika yake. Ukishusha kidogo kidogo, mwili unafuata bila kuulizwa. Hilo nalijua kutoka kwa ngozi na vijiti, hakuna kinanda kilichonifunza. Mia na arobaini. Mia na thelathini na mbili. Mguu wao ulikuwa bado uko na mimi. Tajiri alikuwa bado ameshika waya, nami nimekanyaga, tunaangaliana kama jogoo.

Mia na kumi. Hapo mzee wa koti aliita, akamaliza kabla ngoma haijafika. Akangoja. Walipomjibu walijibu wakiwa wamebaki na pumzi. Wimbo ule hauimbwi na mtu mwenye pumzi ya kubaki.

Tisini na tano. Wawili wakaangaliana. Themanini na nne. Mmoja akakohoa, akakumbuka yuko wapi, akaketi na kuangalia viatu vyake. Wakaanza kuketi wengine. Sabini. Mzee wa koti alikuwa amebaki peke yake na fimbo hewani, anangoja mahali pa kuishusha, na mahali hapo palikuwa mbali. Aliniangalia. Nilimwangalia. Akashusha fimbo taratibu, akaketi.

Sitini na mbili. Maziwa.

Mkono wa kulia nikaupeleka kwenye wimbo wa kanisani ambao kila mama kutoka Timau hadi Embu anaujua. Sauti moja ya mwanamke ilianza hema la kushoto, nyembamba, inatetemeka. Halafu nyingine. Wanawake wa Laare wakageuka. Mama wa bibi harusi aliondoa leso usoni, hakuangalia upande wa kulia hata kidogo, akatembea. Maharusi wakamfuata.

Tajiri akaachilia waya. Akaenda kusimama kando ya jenereta.

Waliponiita nyuma ya darasa, bibi harusi alikuwa ameshaketi. Kulikuwa na wazee watatu wa kila upande, mchungaji, tajiri na mimi. Waliongea Kiswahili. Wangeweza kuongea kila mtu lugha ya kwao, tunasikizana, lakini walichagua Kiswahili ili mtu asije baadaye akasema hakuelewa.

Aliyeongoza alikuwa kaka ya baba wa bibi harusi, mzee mfupi wa Embu, mkavu, kofia mkononi.

"Wewe ndiye wa kinanda?"

"Ndiye, mzee."

"Wa wapi?"

"Githongo."

"Githongo wanajua ule wimbo huimbiwa wapi?"

"Wanajua."

"Na ukauleta mbele ya mama wa mtoto wetu."

Tajiri akaingilia haraka. "Mzee, ni mashine. Huu ukungu wa huku umeingia ndani. Imeharibika."

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Nilijua. Ningenyamaza tu. Lakini nilikuwa nimebeba spika za watu, nimechekwa na wanawake kahawani, na hii kazi ndiyo ya kwanza iliyokuwa yangu. Kama kosa ni la mashine, basi hata kuwatuliza wale wazee ni kwa mashine.

"Mashine ni nzima," nikasema. "Mimi ndiye sikujua mwendo unabaki. Nilikosa. Na mimi ndiye niliwashusha. Kama kuna mbuzi wa kutoa, nitatoa. Lakini kwa kile kiti sitoki, harusi haijaisha."

Tajiri alifumba macho.

Mzee wa koti la kahawia alicheka puani. "Sisi hatukuanza. Kitu kilituita."

"Kikikuita uingie jikoni kwa mama mkwe wako utaingia?" akauliza mzee wa Embu.

"Mimi mama mkwe wangu amekufa."

"Basi una bahati. Huyu kijana wenu bado anaye, na yuko hapo nje."

Mchungaji aliangalia nyasi. Mzee wa Embu alinigeukia.

"Mbuzi wako sitaki. Wewe si mkwe wangu. Mbuzi watatoa hawa, kwa sababu mdomo ni wao, na atakuja kwetu akitembea kwa miguu, si nyama." Wa koti akaitikia kwa kichwa, bila kubishana. Alijua. "Nakuuliza kitu kingine. Ile ya kuwarudisha chini mpaka wakaketi, nani alikufunza?"

"Nilikuwa mpiga ngoma wa bendi, mzee."

"Sasa wewe ni nini?"

Nikasema, "Leo asubuhi nilikuwa mbeba spika."

Aliniangalia, akamwangalia tajiri wangu, akavaa kofia yake. "Rudi kwa kinanda. Watu wamekaa kimya, na mama yule akikaa kimya sana ataanza kufikiria."

Nilicheza mpaka keki ikaisha. Kila nilipobadilisha, nilizima kwanza.

Tulifunga vyombo saa kumi na moja. Nilibeba spika zote nne mwenyewe, kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisibebe. Tulishuka Laare, tukapita Maua, tukapita Meru, na tajiri hakufungua mdomo. Nilianza kuhesabu vitu vyangu vilivyobaki kwenye stoo yake: blanketi, sufuria, viatu vya mvua. Karibu na Nkubu, barabara ya kwenda Githongo ilipokaribia, akapunguza mwendo. Nikajua ananiteremsha. Akapita.

"Jumamosi ni Timau," akasema. "Kule ni baridi kuliko leo. Uje na koti, mchezaji hawezi kutetemeka."

"Na spika?"

"Nitatafuta mtu wa spika."

Nilimchezea miaka saba, halafu nikaondoka kwa amani nikaanza na vyombo vyangu. Leo niko na hivi:

Vinanda vitatu, kimoja cha kale na viwili vipya. Spika nane. Jenereta mbili, moja inafanya kazi. Pikapu. Ekari mbili na nusu Githongo, moja ya kahawa na iliyobaki ya ndizi na majani ya ng'ombe. Ng'ombe watatu wa maziwa. Nyumba ya mawe ya vyumba vinne, mabati ya rangi ya kijani. Tangi la maji la lita elfu tano. Chumba kimoja cha kukodisha pale sokoni, amekipanga kinyozi.